Karatasi za Chupa Tatu

Majina yao yote ninayo. La mwalimu mkuu, la mwalimu wa sayansi, la yule mgeni wa Diani aliyeleta katoni, na ya watoto wote wa darasa la sita kwa mpango wa madawati yao, kuanzia dirishani mpaka mlangoni. Mtu akinitajia jina mara moja, halitoki tena. Lakini humu sitaandika hata moja. Wengine wako hai, wengine wana wajukuu wao sasa, na kosa lilikuwa langu mimi.

Nilisema najua kusoma. Hapo ndipo lilipoanzia.

Nilikuwa mfagizi wa skuli upande wa Mwabungo. Nilikuwa na mjukuu mmoja niliyekaa naye, binti wa mwanangu. Baba yake alikuwa jikoni katika hoteli moja ya Diani, na baada ya ile vurugu ya kuwafukuza watu wa bara wageni wakaacha kuja, hoteli ikafunga, naye akaenda Samburu kupakia mbuzi kwenye malori. Basi kazi yangu ya ufagio ndiyo ilikuwa chakula chetu, na ndiyo ilimweka mtoto skuli.

Siku hiyo mwalimu mkuu aliniita ofisini. Ile stoo ya majembe ilikuwa imepakwa chokaa, imewekwa meza mbili na rafu, ikaitwa chumba cha sayansi.

"Bibi," akaniambia, "nataka mtu wa kushika ufunguo. Mtu mzima, asiye na papara. Wajua kusoma?"

"Najua."

"Mle mna chupa za dawa. Asiyejua kusoma simweki, hata kama ni mamangu mzazi."

"Najua, mwalimu."

Wala sikusema uongo mtupu. Chuoni kwa maalimu nilisoma mpaka nikahitimu, na Kurani naisoma mpaka leo kwa herufi zake. Herufi za skuli ndizo sikuzijua. Darasa la kwanza nilikaa mihula miwili, mama akajifungua pacha, nikarudishwa nyumbani kubeba mmoja mgongoni. Lakini mwalimu mkuu aliuliza hili nami nikajibu lile, na nilikuwa najua kwamba ninajibu lile.

Sikuona shida. Nyumbani kwangu mafuta ya nazi yalikaa katika chupa ya soda, na mafuta ya taa katika chupa ya soda vilevile. Ya nazi kulia, ya taa kushoto karibu na mlango. Hakuna ruhusa ya kuzihamisha. Miaka yote hiyo sikuwahi kutia mafuta ya taa kwenye mchuzi. Nikasema, na mle chumbani nitafanya vivyo hivyo.

Mwalimu wa sayansi alikuwa msichana wa bara, Mkristo, mwembamba, anatembea kama mtu anayechelewa basi. Alikuja kwetu wakati wenziwe wa bara wanafunga mizigo kuondoka. Asubuhi ya kwanza alinipita mlangoni akasema, "Sasa, mathe?" Sikumjibu. Wiki nzima sikumjibu. Watoto ndio waliomwambia, "Mwalimu, mtu mzima haambiwi sasa, aambiwa shikamoo." Kesho yake akaja akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa kabisa kama yuko kanisani, akasema, "Shikamoo, Nyanya." Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu." Na kutoka hapo nilimpenda.

Alikuwa hataki watoto wakae. Walimu wengine walichora mshumaa ubaoni na watoto wakauchora daftarini. Yeye aliwasha mshumaa, akaufunika kwa glasi, akasema, "Hesabuni." Watoto wakahesabu kwa kelele mpaka ukazimika, na kila mmoja akataka afunike yeye. Siku nyingine alileta muhogo mbichi, akaukata vipande, akaudondoshea dawa ya rangi ya chai iitwayo ayodini. Muhogo ukageuka mweusi kama wino. Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, huo tutaula?" Akamjibu, "Wewe kila kitu ni tumbo!" Wakacheka mpaka walimu wa darasa la pili wakaja kuchungulia.

Nami nilikuwa mlangoni na ufagio wangu. Nilifagia kizingiti kile mpaka kikalika.

Kwenye rafu palikuwa na chupa sita. Mwalimu alizibandika karatasi, akaandika kwa biro, na kila akibandika alitaja jina kwa sauti. Nikayachukua yote siku hiyo hiyo. Ayodini, nyeusinyeusi. Mrututu, buluu. Spiriti, ukisogea tu waisikia puani. Hizo tatu hata kipofu angezijua, ama kwa jicho ama kwa pua. Zilizobaki tatu zilikuwa maji mbele ya macho yangu: maji ya chokaa, maji safi, na asidi. Chokaa yenyewe ilitoka kwangu. Mwalimu aliniona natafuna tambuu akaniuliza hiyo nyeupe ni nini. Nikampa kidonge kizima, akakikoroga, akakiacha kikatua, akakichuja kwa kitambaa mara tatu mpaka maji yakawa hayana hata vumbi.

"Ukipuliza pumzi yako humu," aliwaambia watoto, "maji haya yatakuwa maziwa."

"Maziwa ya kunywa?"

"Tumbo tena!"

Asidi aliizungumza kwa sauti nyingine. Aliweka simbi mezani, lile ganda la konokono wa baharini, akaidondoshea tone moja. Simbi ikatoa povu, ikafanya sauti kama samaki anapotiwa mafutani. Mjukuu wangu akapiga kelele, "Mwalimu, inapumua!" Mwalimu akawaambia, "Kama inakula simbi, ulimi wako itaufanyaje? Hakuna kuonja kitu humu ndani. Kitu chochote." Aliponitazama mlangoni nikaitikia kwa kichwa, kama na mimi ni mwanafunzi.

Zile chupa tatu nazo nikazipanga kichwani: chokaa upande wa dirisha, maji safi katikati, asidi mwisho ukutani. Kila jioni nilihakikisha ziko hivyo, nikafunga mlango, nikaufunga ufunguo kwenye pindo la leso.

Kisha likaja neno kwamba mgeni aliyeleta ile katoni ya glasi na dawa amerudi Diani, na Alhamisi atakuja kuona watoto wanavyosoma. Mwalimu mkuu alipita mara tano kwa siku moja. "Bibi, chumba king'ae. Mgeni akitoka pale aseme hapa pana watu." Na mwalimu wa sayansi akamchagua mjukuu wangu apulize maji ya chokaa mbele ya mgeni.

Mtoto hakulala vizuri kwa furaha. Mrija wenyewe ni kikonyo cha jani la mpapai, kina uwazi katikati. Alikata vikonyo vyote vya mpapai wangu mmoja, akakaa uani na glasi ya maji, akawa anapuliza. Lakini kila mara akisahau anavuta. Maji yakaingia kooni, akakohoa, akacheka. "Bibi, nimekunywa tena!" Nikamwambia, "Puliza, usivute." Akapuliza mara tatu, ya nne akavuta.

Jumatano alasiri watoto walipotoka, nilianza kazi. Kwetu mgeni akija, vyombo hutolewa vyote nje hata visivyotumika, vikasuguliwa kwa jivu na kumbi la nazi, vikaanikwa uchagani. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nikatoa glasi. Nikatoa bakuli. Nikazitazama zile chupa: zimedondokewa na dawa, zina alama za vidole, na karatasi zake zimeingia madoa. Nikasema siwezi kumwekea mgeni chupa chafu. Vizibo vilikuwa vimekaza. Nikazichukua zote sita, nikazisugua kwa nje kwa jivu, nikazisuuza, nikazipanga uchagani juani. Wallahi ziling'aa. Nilisimama nikazitazama kwa raha.

Nilipoinama kumwaga maji ya beseni ndipo nikaziona karatasi. Zilikuwa zinaelea.

Nikazitoa moja moja kwa ncha ya kidole. Sita, zote nzima, wino umepauka lakini upo. Nikainua uso kwenye uchaga. Ayodini naiona. Mrututu naiona. Spiriti nikanusa. Zile tatu zilikaa pamoja, zinametameta, na mimi nilikuwa nimezitoa ndani, nimezisugua na kuzianika bila kukumbuka ipi ilitoka dirishani na ipi ukutani.

Mvua ikaanza. Nikaziingiza ndani mbio, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kigoda nazo mbele yangu. Dirisha lile lilikuwa dogo, lina nondo, kwa kuwa lilijengwa kulinda majembe. Sijawahi kukaa mahali padogo kama pale. Nilikuwa na majina matatu kichwani na chupa tatu mezani, na sikujua lipi la nani. Nilizitikisa. Nilizinusa. Nilizishika kwenye mwanga. Maji, maji, maji. Nikafungua moja, nikasogeza kidole. Chokaa naijua ladha yake toka usichana wangu. Tone moja tu lingeniambia. Lakini nikigusa isiyo yenyewe? Nikamsikia yule mwalimu: ulimi wako itaufanyaje? Nikarudisha kizibo.

Ningeweza kumfuata. Nyumba aliyopanga haikuwa mbali, ni kuvuka barabara tu. Ningesema, mwanangu, nimeosha chupa na karatasi zimebanduka, njoo uzitambue. Angekuja na mvua yake. Lakini angeniambia, "Nyanya, si karatasi hizi hapa? Soma ubandike." Hapo ningesema nini? Na mwalimu mkuu angesema nini, aliyesema hata mamake mzazi hamweki? Nikauona ufagio umeshikwa na mtu mwingine, na mtoto yuko nyumbani ana jiwe la kusagia mkononi kama mimi nilivyokuwa na pacha mgongoni.

Basi nilifanya hivi. Nilikoroga unga wa muhogo kwa maji ya moto ya chai ya walimu, ukawa gundi. Karatasi tatu za kwanza nilizijua pa kuzipeleka, kwa kuwa nilikumbuka maumbo yake: ile yenye vilima viwili mwanzo, ile yenye nukta tatu juu, ile yenye doa la chai. Zile tatu nyingine pia nilikumbuka maumbo, ila chupa zake sikuzijua. Nikasema Bismillahi, nikabandika kama mkono ulivyokwenda. Zikakauka. Ukiingia ungesema hakuna kilichoguswa, isipokuwa kila kitu kinang'aa.

Asubuhi mjukuu wangu alitangulia mbele yangu njiani na vikonyo vyake vya mpapai amevifunga kwa uzi. Nilitaka kumwambia asiende. Nilitaka kumwambia ana homa. Nikamgusa paji la uso.

"Bibi, mimi mzima!"

"Utapuliza, hutavuta?"

"Sitavuta. Wewe una nini leo?"

"Sina kitu."

Mwalimu wa sayansi alipoingia chumbani alishika mdomo. "Nyanya! Umeosha kila kitu! Hata chupa!" Akanikumbatia. Nilikuwa na nafasi hapo. Tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa nusu. Nikafungua mdomo, na mwalimu mkuu akaingia na mgeni.

Mgeni alikuwa mzee wa Kizungu, uso mwekundu, amevaa kaptula, anaitikia kila kitu kwa kichwa. Watoto wakaimba. Mwalimu mkuu akasema maneno mengi ya Kizungu, akaninyooshea mkono mlangoni, na mgeni akanipungia. Nadhani alikuwa ananisifu. Nikatazama chini.

Kisha mwalimu akamwita mjukuu wangu mbele. Akachukua chupa yenye karatasi ya maji ya chokaa, akamimina glasini. Yalikuwa maji maangavu tu. Macho yangu yalibaki kwenye ile glasi. Nikawa najiambia, kama ni asidi ingetoa harufu. Kama ni asidi ingetoa moshi. Kama ni asidi mwalimu angejua. Mtoto akachagua kikonyo kimoja, akakielekeza mdomoni.

"Ngoja," mwalimu akamwambia. "Tukisuuze kwanza, hicho kina vumbi." Ndiyo ilikuwa kawaida yake. Akaichukua chupa yenye karatasi ya maji safi, akafungua kizibo. Mtoto akakinyoosha kikonyo.

Nikasikia ufagio unaanguka. Sauti yangu nikaisikia baadaye.

"Mwanangu, usitie kitu mdomoni! Acha! Acha!"

Chumba chote kikageuka. Mwalimu mkuu akatabasamu kwa ajili ya mgeni, lakini macho yake hayakutabasamu. "Bibi, kuna nini?"

"Hizo karatasi nimebandika mimi."

"Sasa?"

"Zilibanduka nilipoosha. Nikabandika kwa kubahatisha. Mwalimu, mimi sijui kusoma."

Mgeni akauliza kitu kwa Kizungu. Mjukuu wangu alinitazama kama mtu aliyefungua mlango wa nyumbani akakuta watu asiowajua. Alikuwa ameniona mara ngapi nikishika daftari lake, nikilifungua kurasa moja moja na kusema vizuri, vizuri sana?

Mwalimu wa sayansi alirudisha kizibo polepole. Akaziweka zile chupa tatu mstari mmoja, akabandua karatasi zangu kwa kucha, akazitupa. Kisha akawageukia watoto, siyo mimi.

"Haya. Ziko tatu. Hazina majina. Tutazijuaje?"

"Tumpe Bibi aonje!" akasema mmoja wa nyuma, na darasa likacheka, na hata mimi ningecheka siku nyingine.

"Nani ana akili kuliko huyo?"

Kisha mjukuu wangu, bila kunitazama, akasema, "Simbi."

"Sema watu wasikie."

"Tutie kwenye simbi. Inayopumua ndiyo asidi."

Walitoka mbio. Uwanja wetu ni mchanga wa pwani, simbi zimejaa kila mahali, hata pale chini ya kizingiti nilichokifagia. Nilikuwa nimekaa jana yake saa nzima na chupa hizo mbele yangu, na simbi zile zimenizunguka nje pande zote, na jambo lenyewe nililiona kwa macho yangu na jina lake nikalishika. Halikunijia. Jina nilikuwa nalo. Kile tone lilichoifanyia simbi ndicho nilichokiacha kwa watoto.

Wakaweka simbi tatu mezani. Tone kutoka chupa ya kwanza, ile tuliyoidhania chokaa: kimya. Ya pili, ile iliyoandikwa maji safi: simbi ikachemka. Mwalimu akaitazama chupa ile kwa muda mrefu, kisha akakitazama kikonyo kilichokuwa bado mkononi mwa mtoto. Mimi nilikuwa nimeilinda glasi, na ndani ya glasi mlikuwa na maji matupu.

Ya tatu kimya vilevile, basi wakamimina zile mbili zipulizwe, na ya tatu ndiyo iliyokuwa chokaa. Mjukuu wangu akapuliza. Hakuvuta hata mara moja. Yakawa maziwa, kidogo kidogo, na mgeni akapiga makofi, akataka kupuliza na yeye, akapuliza mpaka uso ukazidi wekundu, na watoto wakamshangilia. Nadhani mpaka leo anasema ilipangwa vile.

Alipoondoka, mwalimu mkuu alikuja akasimama mbele yangu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ufunguo, Bibi."

Nikashika pindo la leso. Nilikuwa nimelifunga fundo kwa nguvu asubuhi ile, na leso ilikuwa bado na unyevu wa mvua ya jana. Nikalivuta huku na huku. Vidole havikunitii. Mwalimu mkuu akawa amenyoosha mkono, anangoja, na darasa zima linatazama. Ndipo mjukuu wangu akaja, akapiga magoti, akalifungua fundo kwa meno. Akautoa ufunguo, akampa yeye mwenyewe.

Sikufukuzwa. Nilihamishiwa jikoni kupika mahindi na maharage ya watoto. Mwalimu wa sayansi aliniombea, nilikuja kujua baadaye. Ufunguo ulikaa ofisini, na mwalimu mkuu akiwa Kwale kwa mikutano chumba hakifunguki. Niliwaona watoto wamesimama kwenye lile dirisha la nondo, wanabebana mabegani kutazama rafu.

Siku ile mjukuu wangu alitembea mbele yangu mpaka nyumbani, hakuningoja kwenye kona. Alipoingia hakuvua hata sare. Akachana ukurasa katikati ya daftari, akaandika maneno mawili, akabandika kwa uji uliobaki. Karatasi moja kwenye chupa ya mafuta ya nazi, moja kwenye chupa ya mafuta ya taa. Kisha akanipa mgongo nisione, akazichanganya mahali pake, akakaa kwenye mkeka na kunitazama.

"Bibi, nipikie samaki," akasema.

Nilisimama mbele ya zile chupa muda mrefu sana. Sikuzinusa. Nilijua ndicho alichokuwa anangoja kuona.

"Hii inaanza na nini?" nikamuuliza, kidole juu ya karatasi.